Chapa ya Kiwanda na Jina la Soko: Makampuni ya Kigeni na Mnunuzi wa Pwani ya Afrika Mashariki tangu 1833

1. Utangulizi

Waswahili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inabeba nadharia nzima ya biashara katika maneno manne tu, kwamba bidhaa njema haihitaji mpiga debe. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi uzuri huo unapimwa na nani. Je, ni aliyeitengeneza bidhaa, aliyeisafirisha, au yule anayeishika mkononi, akaivuta, akainusa na kuamua kuinunua au kuiacha?

Swali hili ndilo lililoyasumbua makampuni ya kigeni yaliyoleta bidhaa zao katika pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 19. Katika vitabu vingi vya historia, biashara hiyo husimuliwa kwa kufuata mkondo mmoja: viwanda vya Ulaya na Marekani vilizalisha, meli zikapakia, na Mwafrika akapokea. Masimulizi ya namna hiyo humfanya mnunuzi kuwa chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Ushahidi wa lugha ya Kiswahili unaonyesha sura nyingine. Majina ya nguo na ushanga yaliyobaki katika kamusi ni kumbukumbu ya hukumu zilizotolewa sokoni, na aghalabu hukumu hizo zilikwenda kinyume na matarajio ya mwenye kiwanda.

Yafaa kutofautisha dhana mbili tangu mwanzo. Ya kwanza ni chapa, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka lugha za India likiwa na maana ya alama inayopigwa juu ya kitu. Neno rajamu nalo lilitumika kwa maana iliyo karibu na hiyo. Ya pili ni jina. Chapa hupigwa kiwandani na mwenye mali. Jina hutolewa sokoni na mwenye kununua. Historia inayofuata ni historia ya mvutano baina ya hayo mawili.

2. Merikani na ulaiti

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa serikali ya Marekani, alitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, mjini Maskati. Mwaka 1837 Richard P. Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja akiwa konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Wafanyabiashara wa Salem walitafuta pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, ambayo kwao ilitengenezewa vanishi. Katika kulipia bidhaa hizo walileta nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na yenye kudumu, iliyofumwa katika viwanda vya New England.

Nguo hiyo ilipendwa pwani, na ikapendwa bara vilevile. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa iliichukua mpaka Unyamwezi na Ujiji, na huko ikawa kipimo cha thamani ya vitu vingine. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti, na nguo nzima iliyoviringwa ikaitwa jora. Ushuru wa njia, posho ya wapagazi na zawadi za watemi vilihesabiwa kwa vipimo hivyo. Hakuna kampuni ya Salem iliyopanga jambo hilo. Lililofanyika ni kwamba wanunuzi waliitwaa nguo ya kigeni na kuitia katika utaratibu wao wa mapatano.

Jina walilolipa lilikuwa merikani. Jina hilo lilipoanza lilitaja nchi, lakini baada ya muda mfupi likataja sifa: uzito, uimara, rangi ya asili ya pamba. Nguo ya jamii hiyohiyo iliyotoka Uingereza haikupewa jina hilo. Iliitwa ulaiti, neno lenye asili moja na Ulaya, na katika matumizi likachukua maana ya nguo nyembamba na hafifu. Kwa mwenye kiwanda cha Manchester, nguo hizo mbili zilikuwa bidhaa za aina moja zilizotofautiana kidogo. Kwa mnunuzi wa Unguja yalikuwa mambo mawili, na lugha ikayatenga.

Waingereza walijaribu kuliziba pengo hilo. Daktari W. S. W. Ruschenberger, aliyezuru himaya ya Sayyid Said mwaka 1835 akiwa katika msafara wa majini wa Marekani, aliandika katika kitabu chake cha 1838 kwamba wafanyabiashara wa Kiingereza walizipiga nguo zao chapa za Kimarekani ili zifanane na zile zilizopendwa. Hila hiyo haikufua dafu. Kwa maelezo yake, watu waliona tofauti ya uimara, na kwa kuogopa kudanganywa wakakataa hata kununua kutoka kwa Waingereza. Ni kweli kwamba Ruschenberger alikuwa Mmarekani na alikuwa na sababu ya kufurahia jambo hilo. Lakini hata akipunguziwa furaha yake, msimamo wa mnunuzi unabaki dhahiri. Chapa haikuaminiwa kwa sababu imeandikwa. Iliaminiwa pale tu ilipolingana na kile ambacho mkono ulikwisha kukijua.

Wamarekani nao hawakuifikia imani hiyo peke yao. Mtu aliyesimama kati yao na soko alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishika forodha ya Unguja, ambaye Waters alishirikiana naye kwa karibu. Wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliowakopesha wenye misafara, na misafara iliporudi ndio waliosikia kwanza ni bidhaa gani iliyokubaliwa na ipi iliyorudi mizigoni. Kampuni ya ng'ambo iliyowapuuza ilikuwa ikiuza gizani.

3. Ushanga na jiografia ya uchaguzi

Kama nguo ilifundisha kwamba mnunuzi anajua ubora, ushanga ulifundisha kwamba hakuna mnunuzi mmoja. Ushanga ulitengenezwa hasa Venice, na viwanda vyake viliweza kuzalisha rangi na maumbo mengi mno. Ugumu haukuwa katika kuzalisha. Ulikuwa katika kujua rangi ipi ipelekwe wapi.

Henry Morton Stanley alikutana na ugumu huo mjini Unguja mwaka 1871, alipokuwa akitayarisha msafara wa kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake cha 1872 anaeleza alivyoambiwa kwamba ushanga mweusi, uliokuwa kama fedha katika Ugogo, haungepokelewa kwingineko. Ushanga mkubwa wenye umbo la yai ulithaminiwa Ujiji, lakini nchi nyingine ziliukataa. Mweupe ulifaa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, ilhali Wazigua na Wakonongo waliudharau. Mwekundu ulioitwa samesame ulipokelewa vizuri Unyamwezi. Aliyekosea hesabu hiyo angejikuta katikati ya safari akiwa na magunia ya mali ambayo haiwezi kununua hata kibaba cha mtama.

Richard Burton, aliyepita njia hiyo miaka ya 1857 hadi 1859, alikwisha kuandika orodha ndefu ya aina za ushanga pamoja na majina yake. Kwa mwanafunzi wa lugha orodha hiyo ni hazina, kwa kuwa majina hayo hayakutoka Venice. Aina mojawapo ya ushanga mwekundu ilipewa lakabu yenye maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Lakabu ya namna hiyo hufanya kazi ya tangazo la biashara, lakini ni tangazo lililotungwa na wanunuzi wenyewe, na pengine kwa kejeli.

Hata namna ya kufunga bidhaa haikuachiwa muuzaji. Joseph Thomson, aliyekwenda Umasai mwaka 1883, alilazimika kutulia Taveta ili watu wake watunge upya ushanga wote katika nyuzi za urefu unaokubaliwa na Wamasai, maana usiotungwa hivyo usingepokelewa. Ushanga ulikuwa uleule na rangi ileile, lakini kabla ya kutungwa ulikuwa bado haujawa bidhaa.

4. Jina linapoachana na nchi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara ya Salem. Pamba ilikuwa adimu na nguo ikapanda bei, na wauzaji wa Uingereza na India wakapata nafasi. Baada ya vita Wamarekani walirejea, lakini dunia ilikuwa inabadilika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida kufika Unguja. Viwanda vya mvuke vya Bombay, vilivyokuwa karibu zaidi na vilivyokuwa na ndugu na mawakala katika kila mji wa pwani, vilijifunza kufuma nguo ya namna ileile. Nguo ya India nayo ikapata jina lake, gamti, na mnunuzi akaendelea kupambanua.

Hata hivyo, neno merikani halikufa pamoja na biashara ya Salem. Lilibaki likiwa jina la nguo nzito isiyopaushwa, popote ilipofumwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 nguo hiyo ililetwa kwa wingi kutoka Japani. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ilizuia ushuru wa kubagua katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo Uingereza ilipoweka mipaka kwa nguo za Japani katika makoloni yake mengine mwaka 1934, haikuweza kufanya vivyo hivyo hapa. Mnunuzi wa wakati huo aliingia dukani akaomba merikani, akapewa nguo ya Japani, na hakuona kwamba amedanganywa. Sifa aliyoitafuta ilikuwapo. Nchi iliyotajwa ndani ya neno ilikuwa imesahauliwa.

Hapa pana funzo la kwanza kwa anayechunguza mikakati ya makampuni. Bidhaa kupata jina katika lugha ya wanunuzi huonekana kuwa ushindi mkubwa, lakini jina likishakuwa la wote, mwenye bidhaa hana tena uwezo wa kulizuia lisitumiwe kwa bidhaa ya mshindani wake.

Funzo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu maana. Nguo ya merikani iliyoheshimiwa bara ilikuwa na historia nyingine katika visiwa. Huko Unguja na Pemba, merikani na kaniki, yaani nguo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili, zilikuwa mavazi ya watumwa. Mtumwa mwanamume alijifunga kipande cha merikani kiunoni. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki kifuani, mabega wazi, wala hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliziacha nguo hizo. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu maisha ya Unguja baada ya utumwa, ameonyesha jinsi kanga zilivyochukua nafasi hiyo, zikawa alama ya mtu aliye huru na mwenyeji wa mji.

Nguo yenyewe haikuwa imeharibika wala uimara wake haukupungua. Kwa vipimo vyote ambavyo kiwanda kingeweza kutumia, merikani ilikuwa kitu kizuri. Lakini kwa mwanamke aliyekuwa akiamrishwa jana na leo anajitawala, uimara ule ulikuwa wa kumbukumbu asiyoitaka. Hakuna daftari la mauzo la Bombay wala la Manchester ambalo lingeonyesha sababu hiyo.

5. Kanga na mfanyabiashara wa Mombasa

Kanga ilianza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kuna masimulizi mbalimbali kuhusu chanzo chake. Yajulikanayo zaidi yanasema kwamba wanawake walishona pamoja leso za kuchapwa ili kupata nguo moja kubwa, na kwamba jina lake lilitokana na madoa yaliyofanana na ya ndege aitwaye kanga. Mpaka leo kuna sehemu za pwani ambako nguo hii huitwa leso, na neno hilo lenyewe lina asili ya Kireno.

Kwa viwanda vya kigeni kanga ilikuwa mtihani mgumu kuliko merikani. Merikani iliweza kufumwa mwaka mzima bila kubadilika. Kanga ilitaka upya. Pindo, mji na rangi vilibadilika kwa kufuata matakwa ya wanawake wa mjini, na michoro iliyotamaniwa msimu huu iliweza kuwa imechakaa machoni pa watu kabla meli haijatia nanga. Wachapaji wa Manchester na wa Uholanzi, kama vile kiwanda cha mjini Helmond kilichokuja kuitwa Vlisco, walikuwa na mitambo na rangi. Hawakuwa na njia ya kujua kinachosemwa katika harusi za Ng'ambo au Mji wa Kale.

Waliojua ni wenye maduka. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake Mombasa huhesabiwa kuanzia mwaka 1887. Kanga zake zilichapwa ng'ambo, lakini chapa iliyosomeka juu yake ilikuwa K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Yafaa kuyapima maneno hayo. Nguo za Salem zilikuja na chapa ya Kiingereza inayotaja kiwanda, na soko likalazimika kuzitafutia jina. Kanga ya Abdulla ilikuja ikiwa tayari ina jina la Kiswahili, linalotaja mtu anayejulikana na mlango wa duka unaoweza kurudiwa kama rangi itachuja. Kiwanda kilichochapa hakikutajwa kwa mnunuzi, wala mnunuzi hakukiuliza.

Mapema katika karne ya 20 nguo hiyo ikaongezewa maneno, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi. Maneno hayo huitwa jina la kanga. Istilahi hiyo haikuja kwa bahati. Kanga mbili zenye pindo na mji unaofanana huwa mbili tofauti zikiwa na majina tofauti, na mnunuzi huiacha ile nzuri ya rangi akachukua yenye neno linalomfaa kumwambia mume, jirani au wifi. Mchapaji wa Ulaya, na baadaye wa Japani na India, alichapa misemo asiyoielewa kwa sababu aliyeagiza alijua thamani yake. Hapo ndipo uhusiano wa chapa na jina ulipogeuzwa: lugha haikuifuata bidhaa tena, bali iliitangulia na kuiagiza.

6. Mipaka ya uwezo wa mnunuzi

Lingekuwa kosa kuyafanya haya yote kuwa kisa cha ushindi. Mnunuzi wa pwani na wa bara alikuwa na uwezo wa kuchagua, lakini uchaguzi wake ulifanyika ndani ya biashara iliyotegemea pembe za ndovu na watumwa. Aidha, nguo aliyoichagua ilifumwa kwingine. Wafumaji wa Mogadishu na wa Ufipa, ambao nguo zao zilijulikana kabla ya meli za Salem kuja, walibanwa na bidhaa za viwandani. Kuchagua nguo hakukuleta umiliki wa mtambo.

Juhudi za kurekebisha hali hiyo zilikuja baada ya uhuru. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilichapa kanga katika nchi inayozivaa, na ujumbe wa taifa nao ukapata nafasi katika jina la kanga. Kulegezwa kwa masharti ya biashara katika miaka ya 1980 na 1990 kulivirudisha viwanda vya Tanzania na Kenya katika ushindani na nguo za Asia na mitumba, na vingi vilidhoofika.

Katika karne hii mvutano wa chapa na jina umeingia katika hatua nyingine. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara katika nchi hiyo. Watengenezaji wa Kenya na watetezi wao walipinga, na mwaka 2008 ombi hilo likaachwa. Huko Marekani kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno hakuna matata kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 suala hilo lilizusha malalamiko makubwa miongoni mwa Waafrika, na watu wengi wakatia saini kuomba usajili huo ufutwe.

Kisheria mambo hayo mawili yana mipaka yake: alama ya biashara haimzuii mtu kusema neno, humzuia mwenzake kuliuzia bidhaa za aina iliyotajwa. Lakini kihistoria mgeuko ni mkubwa. Katika karne ya 19 soko la Kiswahili lilichukua jina la Marekani, likalifanya jina la nguo, na hakuna aliyeombwa ruhusa wala kulipwa. Katika karne ya 21 maneno ya Kiswahili ndiyo yanayochukuliwa, ila safari hii yanapelekwa kwenye daftari la msajili.

7. Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaonyesha kwamba tatizo kuu la makampuni ya kigeni katika Afrika Mashariki halikuwa bei wala usafiri peke yake. Lilikuwa kushindwa kufahamu kwamba bidhaa hukamilika pale inapopewa jina na mtu anayeitumia. Merikani, ulaiti, gamti, kaniki, samesame na kanga ni maneno yanayohifadhi hukumu hizo, na hukumu nyingine ndani yake hazikuandikwa katika hati yoyote ya biashara.

Kwa wataalamu wa Kiswahili hilo ni jukumu pia. Kamusi inayofasili merikani kuwa nguo nzito ya pamba isiyopaushwa inasema kweli, lakini haisemi kwamba neno hilo liliwahi kuwa fedha Unyamwezi, sare ya utumwa Unguja, na nguo ya Japani katika maduka ya wakoloni. Maelezo ya namna hiyo yana thamani zaidi sasa, wakati ambapo swali la nani mwenye neno linaamuliwa katika ofisi za usajili za nchi za mbali. Anayetaka kulitetea neno mbele ya msajili atatakiwa kwanza kuonyesha limetoka wapi, lilitumiwa na nani, na kwa muda gani. Ushahidi huo umo katika lugha, na wanaoweza kuukusanya ni wale wanaoisoma.